Siku Niliyolala Kitanda cha Bi Arusi

Nataka niwaeleze mimi mwenyewe kwa mdomo wangu kabla hamjaonyeshwa kwenye simu ya mtu, maana najua mtaonyeshwa tu, hapa Malindi mwenye simu anayo ile video na asiyekuwa nayo ana jirani aliye nayo, na mimi kila nikipita sokoni naona vichwa vinakutana halafu vinaachana, nikasema basi, aibu ni yangu, bora niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia watu waitie chumvi (ingawa, wallahi, haihitaji chumvi).

Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke aliyekutwa amelala kwenye samadari, kile kitanda cha fahari cha bi arusi, nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni na pamba masikioni, ni mimi Mwanaidi, mwalimu wa chekechea, mama wa watoto watatu, na bi arusi mwenyewe ni Rukia, mdogo wangu wa tumbo moja. Msicheke bado.

Nianze na uchovu, kwa sababu bila ule uchovu hakuna mkasa. Wakati ule nilikuwa nimechoka uchovu ambao hata nikilala naamka nao. Alfajiri nakanda unga wa mahamri, nakaanga, nawapelekea wenye mikahawa, asubuhi niko mbele ya darasa la watoto wa watu wanaolia na kujikojolea, adhuhuri nakimbia nyumbani kumpa mama dawa zake za presha (mama anakaa nami tangu baba alipofariki), jioni kufua, kupika, kuwapeleka wanangu madrasa, na mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani siku zote, akirudi anarudi kulala. Silalamiki. Haya, nalalamika kidogo. Ilifika siku nikamwita mtoto darasani kwa jina la dawa ya mama, na mtoto wa watu akaitika.

Kadzo, mwalimu mwenzangu, mtu wa kijiji cha Ganda, ndiye aliyenikuta jikoni pale shuleni nimesimama mbele ya birika nalia, na nalilia nini mwenyewe sijui. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Mwanaidi, simu yako ikiisha chaji wafanyaje?"

"Naichomeka."

"Na wewe wajichomeka wapi?"

Kadzo mambo haya aliyasikia hospitali, kwa nesi mmoja aliyekuwa akizungumza na kina mama kliniki, naye akanifunza kama alivyofunzwa, vitu vidogo vidogo tu: ukiamka unywe maji kwanza kabla hujashika simu, ukila ukae chini usile umesimama mlangoni kama askari, jua la asubuhi likupate usoni kidogo, na kubwa kuliko yote, robo saa kila siku ya kulala chali, miguu imenyooka, mikono ubavuni, simu imezimwa (kuzimwa kabisa, si kunyamazishwa), macho yamefunikwa, na kama nyumba ina makelele, pamba masikioni. Hupangi kitu, huwazi kitu. Unavuta pumzi unaitoa, basi.

Nilimcheka. Mimi na kulala mchana? Lakini nilijaribu, na jamani, sitawadanganya hata baada ya yote yaliyonipata, ilinisaidia. Nilikuwa nikijifungia stoo kati ya magunia ya unga, najilaza kwenye mkeka, nikitoka hapo nasikia ladha ya chai, nacheka na wanangu, nakumbuka kumuuliza mama jana ameota nini. Nyumbani hakuna aliyejua. Niliona haya kusema naenda kupumzika, mtu mzima, mchana kweupe, na vyombo havijaoshwa, kwa hivyo nikiondoka nasema, "Naenda kutafuta kitu stoo." Mama akawa akishangaa mbona nyumba hii kila siku kuna kitu kimepotea.

Ndipo ikaja arusi.

Rukia ni kitinda mimba wetu, mtoto ambaye mama alimpata wakati ameshakata tamaa, na bwana arusi ni Swaleh, kijana wa Kilifi, mpole, mwenye haya, mtu ambaye hata salamu anaitoa akiangalia chini. Mimi ndiye dada mkubwa, basi kila kitu ni Mwanaidi. Wapishi, Mwanaidi. Turubali, Mwanaidi. Viti vimepungua, Mwanaidi. Simu ya bwana arusi na watu wake, mpigieni Mwanaidi. Na kwa kuwa kwetu bwana arusi huja nyumbani kwa mke, akaingizwa chumbani, akamwekea mkewe mkono wa kulia kwenye paji la uso, akamsomea dua, na fungate wakaikaa papo hapo, nilitoa chumba changu mwenyewe, tukaingiza samadari ya marehemu nyanya, mpambaji akaja kuipamba, shuka nyeupe, asmini na mawaridi, pazia za kung'aa, hata mimi mwenye chumba nikabisha hodi.

Sasa tazameni nilivyobanwa. Chumba changu kimekuwa cha arusi. Stoo imejaa masufuria ya wapishi. Wageni wamelala sebuleni, ukumbini, hadi kwenye kibaraza. Mimi kwa siku kadhaa nalala nimekaa, kichwa kwenye ukuta wa jikoni, na robo saa yangu sikuipata hata siku moja.

Mpango wa siku yenyewe ulikuwa hivi: nikahi msikitini baada ya swala ya magharibi, halafu waje na matari na hoihoi zao hadi kwetu. Rukia yuko nyumba ya tatu, kwa Bi Maimuna, anapambwa huko, ataletwa kimyakimya kwa mlango wa nyuma kabla bwana arusi hajafika. Mambo yalikuwa sawa. Laasiri ikaadhiniwa, pilau iko motoni, nikaona nipate pahali pa kuswali, na ufunguo wa chumba cha arusi ninao mimi, nimeuning'iniza shingoni. Nikaingia.

Feni inazunguka. Udi umefukizwa. Kimya. Ukishakaa kwenye kelele siku nyingi, kimya kinakupiga kama maji ya baridi. Niliswali na nguo zangu nyeupe za kuswalia, nikatoa salamu, nikageuka, nikaiona ile samadari.

Nilijiambia wacha, si leo. Kisha nikamsikia Kadzo akilini mwangu, maana alikuwa ameshaniambia, siku ukiona huna nafasi kabisa, siku hiyo ndiyo usiache. Nikasema robo saa tu, nani atajua? Chini hapalaliki, pamejaa sinia za zawadi. Nikazima simu, nikachukua pamba kwenye vitu vya mpambaji, nikajitia masikioni, mlango nikaurudisha lakini sikutia ufunguo (kufuli ile ina mlio, niliogopa watu wasikie wajue nimo), nikapanda kitandani taratibu nisivuruge maua, nikajinyoosha katikati, mikono ubavuni, nikavuta ile nguo ya swala hadi juu ya uso kuzuia mwanga. Nilivuta pumzi, nikaitoa, nikavuta tena, na ile ya tatu sikumbuki kama niliitoa.

Haya yanayofuata mengine nimeambiwa na mengine nimeyaona kwenye video, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimelala usingizi wa siku zote nilizokuwa nadai.

Kule msikitini shekhe alipata habari ya msiba Mombasa, ikambidi asafiri kabla ya magharibi, wazee wakasema basi nikahi ifungwe sasa hivi, na ikafungwa. Kaka yake Swaleh akanipigia mimi simu. Imezimwa. Akatuma ujumbe: dada Mwanaidi, tumeshamaliza, tunakuja. Akasubiri kidogo, akaona ujumbe umekwenda, akasema ameuona, ana shughuli tu. Wakaja.

Watu wetu wakashtukia matari yako pembeni ya njia. Nyumba nzima ikapagawa. "Rukia ameletwa? Mwanaidi yuko wapi? Nani ana ufunguo?" Ndipo binamu yetu mmoja, msichana mkweli kabisa, simlaumu, akasema, "Nimemuona mwanamke wa nguo nyeupe akiingia chumbani. Ameshaletwa, yumo." Wakashusha pumzi wote. Vigelegele vikapigwa, na bwana arusi akafunguliwa njia.

Mbele alitangulia Bi Zuhura, shangazi yake Swaleh, mama wa makamo mwenye mwili na sauti, ameshika chetezo cha udi. Nyuma yake wanawake wa Kilifi, nyuma yao Swaleh na joho na kilemba, macho chini. Msichana wa kupiga video alikuwa ukumbini, anawapiga wanavyopita. Bi Zuhura akasukuma mlango, akaita, "Bi arusi, hodi!" Akaingia hatua mbili, na vile vigelegele vikakatika kama redio iliyokatiwa umeme.

Mwaona alichokiona. Mtu amelazwa chali katikati ya maua, amefunikwa gubigubi kwa nguo nyeupe, miguu imebanwa pamoja, hatikisiki. Alimwita tena. Akamgusa mguu (nasikia aliugusa, mimi sikusikia chochote). Halafu akatoa sauti ambayo kwenye video inafanya hata kamera iruke.

"Yallah! Bi arusi amefariki! Jamani, bi arusi amefariki!"

Chetezo kikamponyoka, makaa yakamwagika kwenye zulia. Neno likatoka chumbani likaenda ukumbini, ukumbini likaenda uani, uani likafika chini ya turubali kwa wanaume, na wengine walikuwa wameshaanza kula halua, kipande kiko njiani kuelekea mdomoni, kikabaki hapo hapo. Kilio kikapanda. Nyumba ya arusi ikageuka ya msiba kabla matari hayajawekwa chini.

Na Swaleh, yule mwenye haya, akapenya katikati ya wanawake bila kumuangalia mtu, akapiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha mkono wa kulia, akauweka kwenye paji la uso juu ya ile nguo, akasoma. Aliisoma ile dua yote. Wanasema alikuwa akiifanyia mazoezi muda mrefu ili asije akakosea mbele za watu, na hakukosea hata herufi, alisoma huku machozi yanamdondoka kwenye joho, na wanawake wa Kilifi wote wanalia.

Ile dua ilikuwa ya mdogo wangu. Nimeichukua mimi, tena usingizini.

Aliyegundua ni Mama Nuru, mdogo wake mama. Alisimama upande wa miguuni, akaangalia, akakunja uso, akasema, "Mbona miguu hii haina hina?" Akaja kichwani, akaivuta nguo. "Huyu si Rukia! Huyu ni Mwanaidi!" Halafu akaona masikio. "Na pamba keshatiwa! Nani amemtia pamba?"

Mimi kilichoniamsha ni moshi. Udi na zulia linaloungua vilinipanda puani, nikapiga chafya moja kubwa, nikafungua macho, nikamuona mwanamume ananiinamia na mkono wake uko usoni mwangu, nikadhani mume wangu amerudi kutoka safari. Nikaketi kitako nikamuuliza, "Saa ngapi?"

Niliuliza saa ngapi. Watu wote wale, na hilo ndilo neno lililonitoka.

Swaleh alirudi nyuma akakalia sinia ya halua. Bi Zuhura alitoka mlangoni na pazia ya arusi begani. Wanawake waliokuwa nje wanasukuma waingie na waliokuwa ndani wanasukuma watoke, mama mmoja wa Mambrui akateguka mkono, kamera ikapigwa kikumbo, na mimi (hapa ndipo nilipozidisha ujinga) nikaona lazima niwaeleze. Nikashuka kitandani nikawafuata. Pamba moja imeanguka, moja ingali sikioni, nguo nyeupe inaburura, napiga kelele, "Niko hai! Jamani, niko hai!" Na kadiri ninavyokimbia kuwaambia niko hai ndivyo wanavyozidi kukimbia. Niliwafukuza ukumbini, niliwafukuza uani, sufuria ya pilau ikapinduliwa, nikatokea barabarani kwa mlango wa mbele.

Na barabarani anakuja Rukia.

Alikuwa amesikia kilio akiwa kwa Bi Maimuna, akatoka vile vile alivyo, gauni jeupe, dhahabu, hina hadi viwikoni, nywele zimepambwa upande mmoja na upande wa pili bado. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia akamgonga, Rukia akamshika, "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Bi arusi amekufa!"

"Bi arusi si mimi?"

Yule mama akamtazama juu mpaka chini, akaniona na mimi nyuma yake ninakuja, akaingia kwenye nyumba ya watu asiowajua akafunga mlango.

Tukabaki tunatazamana, mimi na mdogo wangu, wote tumevaa nyeupe, watu wamesimama mbali kwa duara. Nilianza kumueleza, robo saa, Kadzo, simu, pumzi, maneno yanatoka shelabela, naye ananisikiliza, wanja unamshuka mashavuni. Sikuwahi kumuona Rukia akiniangalia vile. Hakupaza sauti. Alisema, "Dada, hukuweza kuchoka kesho?"

Hapo hapo tukaitwa ndani. Mama ameanguka uani.

Tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile lililopambwa maua kwa ajili ya bwana arusi. Nilimpakata kichwa njia nzima. Presha ilikuwa imepanda vibaya sana, wakamlaza, na mimi nikakaa pale kwenye benchi na nguo zangu za swala, na kila nesi aliyepita alinitazama mara mbili. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kushoto tangu siku ile una uzito, kikombe anakishika kwa mikono miwili.

Arusi? Mama yake Swaleh alikuja kesho yake, mama muungwana, hakunigombeza, alikunywa maji akasema, "Mwanangu halali kwenye kitanda kilicholala maiti."

Nikamwambia kwa heshima, "Mama, hakikulala maiti."

"Kililala nini, basi?"

Nikaona kumwambia kililala mwalimu wa chekechea aliyechoka hakutasaidia. Rukia alikwenda kuingizwa Kilifi baadaye, nyumbani kwa kina Swaleh, bila matari, bila samadari ya nyanya, na mimi niliambiwa kwa upole kwamba itakuwa bora nibaki na mama. Nikabaki. Niliyafua yale mashuka mwenyewe. Zulia lina tundu la makaa, nimeliwekea kiti.

Kisha video ikatoka. Nani aliitoa sijui. Muuza samaki akiniona anasema, "Marehemu, habari za huko?" Watoto wangu wa darasani wamebuni mchezo, mmoja analala chini, wenzake wanalia, halafu anaketi, anauliza saa ngapi, wote wanakimbia. Nawaacha wacheze. Kadzo alikuja kuniomba radhi, maskini, hana kosa hata moja, nikamtilia chai.

Lakini hayo yote ningeyabeba. Kuna jambo jingine, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Niliiangalia video yenyewe peke yangu, mara moja nikasema basi, kisha nikairudia. Kile kilio kilipozuka, yule msichana aligeuza kamera uani. Mama anaonekana amekaa kwenye kiti na leso zake mpya, anajipiga kifua, "Rukia wangu, Rukia wangu." Ndipo inasikika sauti ya Mama Nuru kutoka chumbani, kali, "Huyu si Rukia! Huyu ni Mwanaidi!" Na mama anainua mikono yake miwili, anasema, "Alhamdulillahi."

Hapo kamera inapigwa kikumbo na video inakwisha.

Alianguka baada ya hapo. Ni baada ya muda gani, alikuwa ameelewa nini, ameshajua kwamba mimi ndiye niliyekufa au bado, hakuna anayeweza kuniambia. Nimemuuliza Mama Nuru kwa kuzungukazunguka, alikuwa chumbani. Niliwauliza wapishi, wao walikuwa wanakimbia. Nilijitetea kwa niaba yake kila namna: amesikia la kwanza tu, la pili hajalisikia, mtu akiambiwa mwanawe hakufa lazima ashukuru, hata ningekuwa mimi. Nikilala jibu hili linatosha, nikiamka halitoshi.

Juzi nilikuwa nikimkanda mkono ule mzito kwa mafuta, adhuhuri, watoto wako nje, nikasema, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha, "Mama, siku ile, walipokwambia ni mimi niliyekufa, uliwaza nini?"

Alinitazama. Nikaona anakumbuka, na nikatamani nisingeuliza.

"Wewe?" akasema. "Mimi sikuamini."

"Kwa nini hukuamini?"

"Ati ufe wewe! Ungekufa saa ngapi, mwanangu, na pilau haijapakuliwa?"

Akacheka. Alicheka kwa mapenzi, nawaapia, alinishika shavu kwa ule mkono mzima, akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji, na mimi nikacheka naye kwa sababu kweli inachekesha. Kisha akauliza chakula kiko tayari. Nikaenda jikoni kupakua, nikapakua, nikawaita watoto, wakala, nikaosha vyombo, na machozi yalikuwa yanashuka muda wote huo na hakuna aliyeuliza, walijua ni kitunguu.

Rukia bado hapokei simu yangu. Hupokea ya mama, nami hukaa karibu nisikie sauti yake. Maji ya asubuhi nimeyaacha, jua nimeliacha, nakula nimesimama. Si kwa hasira. Kila nikinyoosha miguu tu nasikia Bi Zuhura akiita hodi, nainuka. Mtoto wangu mdogo akinikuta nimefumba macho hata kidogo ananitikisa, "Mama, uko hai?" Namwambia niko hai, kalete vitabu vyako.

Basi nimekula kiapo, na ninyi ndio mashahidi wangu: sitajilaza tena mchana pahali ambapo mtu anaweza kunikuta. Na nyumba yetu ninaijua, nimeifagia miaka yote hii. Pahali ambapo mtu hawezi kunikuta, hapako.